Damu Iliyokataa Kukasirika

Kielelezo namba moja kililipuka saa moja na robo asubuhi, wakati Inspekta Aloys Murhula akimenya yai.

Hakikulipuka kwa kishindo cha kuhamisha watu. Kifuniko kiliruka, kikagonga dari, kikaangukia faili la wizi wa mbuzi, na harufu ikajaa ofisini. Brigedia Blanchard, askari wake wa chini, aliyekuwa ameketi karibu nacho, alikuwa tayari amelala chini, mikono kichwani.

"Chef, kemikali!" alipiga kelele kutoka chini ya meza. "Nilikuambia! Iko kemikali!"

Aloys aliliweka yai lake juu ya karatasi, akaikamata ile chupa kwa leso, akainusa. Lakiri nyekundu ya polisi ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Ndani, kile kimiminika cheupe kilikuwa kimejitenga, mabonge upande mmoja na maji upande mwingine.

"Blanchard, weye unatoka wapi?"

"Shabunda, chef."

"Njo maana. Mi natoka Kabare, kwa wafuga ng'ombe. Hii ni mashanza."

"Mashanza gani?"

"Maziwa ya kuganda. Nimekunywa hii mbele niote meno. Umefungia maziwa ya mutoto na lakiri ya Serikali, ukaiweka kwa dirisha yenye jua siku mbili."

Blanchard aliinuka polepole, akajipangusa magoti.

"Lakini ilikuwa nyeupe," alisema.

Ndivyo kesi yote ilivyokuwa imesimama, juu ya weupe huo. Juzi, saa tisa alasiri, Profesa Grégoire Nshombo alifika kituoni na malalamiko ya kurasa kumi na moja. Katika maabara yake ya Ndendere walikuwa wametengeneza chembe ndogo mno za polima, za kubebea dawa ndani ya damu. Mwezi wa tatu chembe hizo zilijaribiwa kwenye damu ya watu saba wa Mudaka, na damu haikuzigusa. Juma lililopita, mwezi wa tano, zilijaribiwa tena kwenye damu ya watu wale wale, na damu ikazivamia zote. Profesa alikuwa na maelezo ya aina moja tu. Mtu ameiba chembe za kweli, akajaza kitu kingine kwenye chupa. Na mbali na yeye mwenyewe, mtu mwenye ufunguo wa friji alikuwa mmoja, Gloire Nabintu, fundi wake wa maabara. Blanchard alipoupekua mkoba wa Gloire, alikuta chupa ya kitu cheupe na chepesi, sawa kabisa na chembe zile zinavyoonekana zikiwa ndani ya maji.

Leo saa tisa, saa arobaini na nane za kumshikilia zingekwisha. Ama Aloys angemwachilia, ama faili lingepanda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na Gloire angelala gerezani. Kielelezo kilikuwa kimeganda, ndiyo, lakini malalamiko ya profesa hayakuwa yameganda. Neno la profesa lilikuwa zito, na ufunguo wa friji ulikuwa ufunguo.

"Mulete," alisema Aloys.

Gloire alitolewa mahabusu akiwa amekunja mkononi blauzi yake ya kazi, koti jeupe la maabara, safi kuliko vitu vyote vilivyokuwamo ofisini. Aliitazama chupa, akamtazama Blanchard.

"Nilisema mara tatu kama ni maziwa ya mutoto."

"Na Blanchard aliandika nini?"

"'Kimiminika cha kutiliwa mashaka.'"

"Mutoto iko wapi?"

"Kwa jirani, kule Panzi. Iko na miaka mbili. Wameniambia tangu juzi anauliza kama nimeenda kutafuta ng'ombe mwenyewe."

Aloys hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Alivuta kiti.

"Maman Gloire, nifasirie hii kazi yenu. Kama vile unafasiria maman yako."

"Maman yangu anafundishaka kemia, shule ya lycée."

"Basi kama vile unafasiria Blanchard."

Gloire alifikiri kidogo. Kisha alilichukua yai la Inspekta, lililomenywa nusu, akalishika mbele ya taa.

"Chukua hii kama mpira wa polima. Ya kweli, ukipanga mia nane kwa mustari, unapata unene wa unywele mumoja. Ndani kuko dawa. Ukiingiza mpira kwa damu hivi hivi, protini za damu zinajibandika juu yake palepale, kama matope kwa kiatu. Na kati ya zile protini kuko walinzi. Walinzi wakikuta kitu hawajui, wanakipiga alama. Kikishapigwa alama, chembe nyeupe zinakuja kukimeza. Dawa imekwisha mbele ifike kwa ugonjwa."

"Na mugonjwa?"

"Siku zingine hasikii kitu. Siku zingine damu inakasirika mwili muzima. Pressure inaanguka, mutu anakosa pumuzi. Ndani ya dakika tano tu. Njo maana tunavalisha ile mipira manyoya ya polima ingine, walinzi waipite bila kuitambua."

"Kama mwizi mwenye kuvaa uniforme," alisema Blanchard.

Wote wawili walimgeukia. Blanchard aliitazama sare yake, akafunga kifungo kilichokuwa wazi.

"Na munajuaje kama damu imekasirika?" aliuliza Aloys.

"Kuko sahani ya plastiki yenye vishimo. Kwa kila kishimo tunaweka seramu, ile maji ya manjano yenye inabakiaka damu ikishaganda, pamoja na chembe. Mwisho tunaweka dawa ya rangi. Maji ikibaki hivi hivi, walinzi wamelala. Ikigeuka bluu, wameamuka. Na kwa kila sahani kuko kishimo moja ya levure, ile hamira."

"Levure ya mikate?"

"Ya mikate, tunaitengeneza kidogo. Damu ya mutu yeyote inakasirikia levure. Kama kishimo ya levure haikugeuka bluu, ile jaribio ni bure."

Aloys aliacha kuandika.

"Mwezi wa tatu, levure ilifanya nini?"

Gloire alilirudisha yai juu ya karatasi, taratibu.

"Ulize Prof."

"Nakuuliza weye."

"Haikugeuka. Nikasema turudilie. Prof akasema levure imekufa, akaikata kwa picha na stylo nyekundu. Njo nikasumbua, nikasumbua, mpaka juma lililopita akakubali turudilie mbele ya wageni wenye wanataka zile chembe kufika."

"Ni weye uliomba kurudilia?"

"Ni mimi."

Aloys aliandika jambo hilo kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amekutana na wezi wa kila namna, hadi aliyeiba mlango wa kituo. Hakuwa amewahi kukutana na mwizi aliyewasumbua watu waje wahesabu tena.

"Blanchard, tafuta moto mbili, hizi pikipiki za kukodi. Na huyu dada anaenda na sisi."

"Na pingu?"

"Na ile mashanza pia, kama unataka. Twende."

Profesa Grégoire aliwapokea mlangoni mwa maabara akiwa na tai, koti jeupe, na uso wa mtu anayengojea wageni wa siku inayofuata. Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa tayari na bango la kuwakaribisha. Alipomwona Gloire alirudi nyuma hatua moja.

"Inspekta, munamuleta mshukiwa kwenye mahali pa wizi?"

"Ni utaratibu, Prof. Nataka kuona levure."

"Nini?"

"Levure."

"Umekuja kwa ajili ya wizi au kwa ajili ya mikate?"

Lakini alifungua friji. Levure ilikuwa ndani ya kichupa kidogo, kimeandikwa tarehe ya mwezi wa kwanza. Aloys alikitazama pande zote, akauliza kama kulikuwa na kingine. Hakukuwa na kingine. Akaomba daftari la maabara na picha za sahani mbili, akazipanga juu ya meza. Ile ya mwezi wa tatu haikuwa na rangi mwanzo hadi mwisho, na kishimo cha levure kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Kando yake profesa alikuwa ameandika: *levure imekufa.* Ile ya juma lililopita ilikuwa bluu kama kanga, na bluu kuliko vyote kilikuwa kishimo cha levure.

"Prof, hii levure ilikufa mwezi wa tatu."

"Ndiyo. Niliithibitisha mwenyewe."

"Na mwezi wa tano imefufuka. Ndani ya kichupa kile kile."

Profesa aliivuta picha karibu na macho. Gloire alitazama dari.

"Mwezi wa tatu damu haikukasirikia chembe zako," aliendelea Aloys, "na haikukasirikia levure pia. Haikukasirikia kitu chochote. Mutu mwenye kutukanwa na jirani, na mukwe, na mupangaji, wote siku moja, na anyamaze tu, mi siulizi kama jirani amebadilishwa. Nauliza kama ule mutu iko muzima."

"Unataka kusema nini?"

"Munaangalia chupa ya chembe siku mbili. Hakuna mutu anaangalia damu."

Alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa tatu, akafuata mistari kwa kidole. Tyubu ya kwanza, seramu safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Kwenye ya nne, kwa mwandiko wa Gloire, palikuwa na maneno machache: *imeganda, nyeupe, haitikisiki, imetupwa.*

"Maman Gloire, hii ya nne ilifanana na nini?"

"Ilikuwa kama..." Gloire alisita, kisha macho yake yakashuka hadi mfukoni mwa koti la Inspekta, pale lilipokuwa limevimba. "Kama ile."

Aloys alilitoa yai lake. Lilikuwa limepondeka kidogo njiani, maana barabara ya kushuka Ndendere haina huruma na mayai. Aliubonyeza ute wake mweupe mbele ya pua ya profesa.

"Seramu iko na protini, yai iko na protini. Ukiweka yai kwa barafu, linafanya hivi?"

"Haiwezekani," alisema profesa. "Damu inatoka Mudaka kwenye sanduku la barafu. Iko kwenye protokoli, ukurasa wa nane."

"Nani anaileta?"

"Papa Atumani. Mzee wa kuaminika."

"Anasoma Kifaransa?"

"Nilimsomea mwenyewe."

"Kurasa zote?"

Profesa alirekebisha tai yake.

"Nilimpa muhtasari."

Papa Atumani alikuwa uani, akipangusa pikipiki yake kwa kitambaa kikavu. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, kofia nyeupe, shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Baba yake aliuza vitambaa Uvira, na yeye mwenyewe aliuza Bukavu mpaka magoti yalipokataa kusimama dukani siku nzima. Tangu hapo alibeba mizigo midogo ya watu wanaotaka ifike mizima.

"Salaam, papa," alisema Aloys.

"Salaam, mwanangu. Ni juu ya Gloire? Yule mutoto haibe. Niandike mimi shahidi."

"Nitakuandika. Papa, ile damu ya Mudaka unaibebaka ndani ya nini?"

"Glacière." Alionyesha sanduku la plastiki lililofungwa nyuma ya kiti. "Na barafu. Kama vile Prof alisema."

"Juma lililopita?"

"Glacière."

"Mwezi wa tatu?"

Kitambaa kilisimama juu ya taa ya pikipiki.

"Mwezi wa tatu ni mbali, mwanangu."

Aloys aliuendea mkoba wa ngozi uliokuwa ubavuni mwa pikipiki, akaupigapiga kidogo, kama mtu anayebembeleza punda. Ndani yake kitu kililia, vipande vya kioo vikigongana.

"Naweza?"

Mzee aliinamisha kichwa. Aloys aliingiza mkono, akatoa termosi ya bati yenye maua mekundu, kizibo chake kimefungwa kwa kitambaa. Kila ilipotikiswa, kioo cha ndani kililia.

"Hii ilivunjika lini?"

"Mwezi wa ine. Kwa lile shimo la kutokea Mudaka, pale maji inapitaka."

"Na mbele ivunjike, damu ilisafiri ndani ya hii."

Papa Atumani aliketi juu ya ngazi ya maabara. Gloire na profesa walikuwa wamefika mlangoni, na Blanchard nyuma yao, amebeba chupa ya mashanza kwa mikono miwili kwa sababu hakuna aliyemwambia aiache.

"Ni ya bibi yangu, muke wangu Zabibu," alisema mzee. "Kila asubuhi alikuwaka anapelekea wagonjwa wa hospitali chai ndani yake. Wale wenye hawana mutu. Kisha na yeye akagonjwa. Walimuwekea damu, ilitoka kwa friji vile vile. Akatetemeka mpaka kitanda ikapiga ukuta. Akaniambia, Atumani, ni kwa nini damu ya watu iko baridi hivi? Mbele nimujibu, akafa."

Alikikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua.

"Prof aliponipa damu ya watu saba, wazima, walinyoosha mukono kuitoa... nikasema hii haitasafiri baridi. Glacière niliifunga nyuma, tupu, ionekane. Damu nikaiweka hapa ndani, na maji ya moto. Kidogo tu. Kama vile Zabibu alikuwaka anapima."

"Alikuwaka anapima namna gani?" aliuliza Gloire kwa sauti ndogo.

"Kidole. Unahesabu moja, mbili. Ukiweza kufika tatu, ni baridi. Kale ka tyubu kamoja nilikaingiza haraka, mbele ya kuongeza maji baridi."

"Ya nne," alisema Gloire.

Profesa alikuwa amegeuka rangi. "Digrii hamsini na sita," alisema, "kwa nusu saa. Hiyo inatosha kuwaua walinzi wote. Imeandikwa kwenye vitabu."

"Ukurasa wa ngapi?" aliuliza Aloys.

Profesa alilinyoosha koti lake jeupe. "Haya ni maneno, Inspekta. Mzee anampenda Gloire. Siwezi kuondoa malalamiko kwa sababu ya kidole."

Aloys alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Sawa. Sheria inaniruhusu kuigiza tukio upya, mbele ya mulalamikaji. Seramu ya juma lililopita imebakia?"

"Iko kwa friji kubwa," alisema Gloire.

"Basi tunagawanya. Nusu inabaki vile iko, nusu inaenda Mudaka."

Haikwenda Mudaka. Ilikaa saa nzima juu ya meza ndani ya termosi ya mlinzi wa geti, na Blanchard akapewa kazi ya kuitikisa, kwa ajili ya barabara. Papa Atumani alichanganya maji mwenyewe, akatumbukiza kidole, akahesabu hadi mbili, akakitoa. Gloire aliingiza kipimajoto baada yake.

"Hamsini na tisa," alisoma.

"Zabibu hakukoseaka," alisema mzee.

Kisha Gloire alivaa blauzi yake na kufanya kazi. Profesa alisimama umbali wa mita moja na kuhakikisha chembe zinatoka kwenye chupa ile ile aliyodai imebadilishwa. Mstari wa juu Gloire aliweka seramu ambayo haikupashwa moto, pamoja na chembe. Mstari wa chini ile iliyosafiri. Mwishoni mwa kila mstari, levure. Saa sita na dakika kumi umeme ulikatika, kama kawaida yake, na Gloire akaendelea kwa maji ya uvuguvugu na kipimajoto, bila hata kuinua kichwa. Saa nane Blanchard aliuliza kama anaweza kuacha kutikisa. Aliambiwa termosi ilikuwa tupu tangu asubuhi.

Saa nane na dakika arobaini Gloire alidondosha dawa ya rangi.

Walijipanga kuizunguka ile sahani vichwa vikigusana, profesa na mzee, brigedia na inspekta. Mstari wa juu ulianza kubadilika, kwanza kama moshi, kisha kama anga, kisha bluu kamili, na levure ikawa bluu kuliko vyote. Mstari wa chini ulibaki vile vile. Maji matupu. Waliungoja dakika kumi. Hata levure, ambayo hakuna damu inayoivumilia, ilikaa pale bila kutukanwa na mtu.

"Ile damu imekufa," alinong'ona Blanchard.

"Walinzi tu," alisema Gloire. "Damu yenyewe haina kosa."

Profesa alivuta kiti na kukaa.

"Kwa hiyo chembe zangu..."

"Ni zako, Prof," alisema Aloys. "Zile zile. Hakuna mutu alikuibia."

"Ingekuwa afadhali wangeiba," alisema profesa. Alitazama bango la wageni ukutani. "Nimeandikia watu kama ziko salama. Kesho walitaka kuzungumza juu ya wagonjwa. Wagonjwa wa kweli." Akamgeukia Gloire. "Damu ikikasirika mwilini, ni dakika tano tu?"

"Tano," alisema Gloire. "Manyoya ya chembe yamepandwa mbali-mbali, Prof, walinzi wanapita katikati. Tuyapande karibu. Naweza kuanza lundi hii, Jumatatu."

Profesa alivua tai, akaiweka mfukoni. Kisha aliomba kalamu ya Inspekta, na kwenye ukurasa wa kumi na moja wa malalamiko yake, saa nane na dakika hamsini na nne, akaandika kwamba anayaondoa. Alipomaliza alisimama mbele ya Gloire, akamrudishia ufunguo wa friji. Kisha akatoka uani na simu yake kuwapigia wageni.

"Maman Gloire, nenda Panzi," alisema Aloys.

"Na kielelezo changu?"

Blanchard alimpa chupa kwa heshima zote. Gloire aliifungua, akainusa.

"Iko tayari," alisema. "Itahitaji sukari tu." Akaondoka akikaribia kukimbia.

Kilichobaki kilikuwa hati ya mwisho. Aloys alikaa kwenye ngazi, Blanchard akashika fomu juu ya goti, na Papa Atumani akabaki amesimama kando yao, kofia mkononi, kama mtu anayengoja hukumu.

"Mhusika?" aliuliza Blanchard.

"Hakuna."

"Chef, hapa lazima kuwe na kitu."

"Andika hakuna. Kielelezo namba mbili: termosi moja ya bati, maua mekundu, kioo kimevunjika. Irudishwe leo."

"Sheria inasema tuifunge lakiri, tuiweke ofisini."

"Uliweka ya kwanza ofisini. Tuliona."

Blanchard alikubali kwamba hoja ilikuwa na uzito. Aliandika, kisha kalamu ikasimama.

"Irudishwe kwa nani? Kuko nafasi ya mwenye kitu. Niandike Atumani?"

Aloys alimtazama mzee. Mzee aliitazama termosi, akaitikisa kidogo, na kioo kikalia.

"Andika Zabibu," alisema.

"Maman Zabibu alishakufa, papa. Fomu haitakubali."

"Andika tu, Blanchard," alisema Aloys.

Blanchard aliandika. Alikuwa na mwandiko mbaya, unaojulikana kituo kizima, lakini jina lile aliliandika polepole, herufi moja moja, mpaka likasomeka.